Kanuni za Uhamiaji kwa Wageni na Waajiriwa wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Kanuni za uhamiaji kwa wageni wa vyuo vikuu vya Marekani ni jumla ya sheria na taratibu za serikali kuu ya nchi hiyo zinazoamua kwa masharti gani chuo chaweza kumwalika, kumkaribisha, kumlipa na kumwajiri mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu, awe mhadhiri wa siku mbili, mtafiti wa miaka mitano, mwalimu wa lugha au profesa wa maisha. Kiini chake ni dhamana: ukiacha ziara fupi, takriban katika kila mlango anaoupitia mwanachuoni mgeni, si yeye anayeanza kuikabili serikali, bali ni chuo kinachomtangulia, kikaahidi kwamba kinamjua, kina kazi ya kumpa, kimehakikisha riziki yake, na kitatoa habari zake maadamu yumo chini yake. Msomaji wa pwani mwenye jamaa Maskati au Dubai hataiona dhana hii kuwa ngeni, kwa kuwa kafili wa Ghuba naye husimama kati ya mgeni na dola. Walakini tofauti ni kubwa, kwani mdhamini wa Marekani hana haki ya kumzuia mgeni asiondoke nchini wala kumshikia pasipoti, na mwajiriwa wa viza ya kazi ya H-1B aweza kuanza kazi kwa mwajiri mwingine mara ombi la mwajiri huyo mpya linapowasilishwa.

Wizara tatu hugawana shughuli hii. Wizara ya Mambo ya Nje hutoa viza kwa mikono ya balozi zake na husimamia mpango wa wageni wa mabadilishano. Wizara ya Usalama wa Ndani hupokea maombi ya ajira, hulinda mipaka na hutunza daftari la elektroniki liitwalo SEVIS. Na Wizara ya Kazi huangalia ujira, ili kuajiriwa kwa mgeni kusishushe mshahara wa mwenyeji. Yapasa pia kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, yaani viza na hadhi ya ukaazi. Viza iliyobandikwa katika pasipoti ni ruhusa ya kusafiri hadi mlangoni tu, ilhali muda na namna ya kukaa huamuliwa na afisa wa mpakani na kuandikwa katika kumbukumbu iitwayo I-94. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuwa na viza iliyokwisha muda wake na bado akawa nchini kwa halali, na mwingine akawa na viza ya miaka mingi lakini asiruhusiwe kukaa zaidi ya miezi sita.

ASILI YA KANUNI

Marekani ilipoanza kuwawekea wahamiaji idadi maalumu kwa kila taifa, kwa sheria za mwaka 1921 na 1924, watu wa elimu waliachiwa upenyo. Sheria ya 1924 iliwatoa katika hesabu hiyo maprofesa waliokuwa wakifundisha kwa muda wa miaka miwili iliyotangulia na waliokuja kwa ajili ya kuendelea kufundisha, pamoja na wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vilivyoidhinishwa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili fikira iligeuka, na wanachuoni waliokuwa wakivumiliwa wakawa watu wa kutafutwa. Mwaka 1946 ilipita sheria ya Seneta J. William Fulbright wa Arkansas, iliyoelekeza kwamba fedha zilizopatikana kwa kuuza mali za kivita zilizosalia ng'ambo zitumike katika mabadilishano ya wasomi. Mwaka 1948 ikafuata sheria ya Smith na Mundt, iliyoyapanua mabadilishano hayo. Na mwaka 1952 Sheria ya Uhamiaji na Uraia ikawapanga wageni wa muda kwa herufi za alfabeti, B akiwa mgeni wa ziara, F mwanafunzi na H mfanyakazi. Herufi J, ya wageni wa mabadilishano, ilizaliwa mwaka 1961 kwa sheria ya Fulbright na Hays. Ulikuwa wakati ambapo madola makubwa yalishindania urafiki wa mataifa yaliyokuwa yakijikomboa: Septemba 1959 ndege iliyotayarishwa kwa juhudi za Tom Mboya ilikuwa imewachukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda kusoma Marekani, na mwaka mmoja kabla ya hapo Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, ambayo fedha zake zilisaidia kuingiza vyuoni lugha zilizokuwa nadra kufundishwa huko, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Miongo iliyofuata iliongeza ruhusa kwa upande mmoja na ulinzi kwa upande wa pili. Sheria ya mwaka 1990 iliipa H-1B sura yake ya leo na kuanzisha viza ya O kwa wenye vipawa visivyo vya kawaida. Ile ya mwaka 2000 ikavitoa vyuo vikuu katika kikomo cha idadi ya H-1B. Kwa upande wa ulinzi, sheria ya mwaka 1996 iliagiza wanafunzi na wageni wa mabadilishano wakusanyiwe habari zao kwa njia ya elektroniki, lakini agizo hilo lilitekelezwa kwa kusuasua mpaka yalipotokea mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ambapo ilibainika kwamba mmoja wa watekaji wa ndege aliingia kwa viza ya mwanafunzi na hakufika darasani kamwe. SEVIS ilianza kazi mwaka 2003, na tangu hapo ofisi ya wageni chuoni, ambayo zamani ilikuwa ya makaribisho na ushauri, imekuwa pia ofisi ya kutoa taarifa.

ZIARA FUPI

Mtu anayekwenda kusikiliza kongamano, kushauriana na wenzake au kufanya utafiti wake binafsi bila malipo hutumia viza ya B-1, ambayo haidai dhamana rasmi ya chuo ila barua ya mwaliko. Raia wa nchi kadhaa, nyingi zikiwa za Ulaya, huruhusiwa kuingia kwa siku 90 bila viza. Katika orodha hiyo hamna nchi hata moja ya Afrika, na kwa hivyo profesa wa Nairobi aliyealikwa kwa mhadhara wa saa moja hana budi kuhojiwa ubalozini kama wengine. Pale humkabili kanuni ngumu, kwamba afisa analazimika na sheria kumhesabu mwombaji kuwa mhamiaji hadi mwombaji mwenyewe athibitishe kinyume, na mwaliko wa chuo kikubwa, kwa heshima yote uliyo nayo, hauchukui nafasi ya ushahidi wa kazi, familia na mali zinazomrudisha kwao.

Suala la fedha nalo lina hesabu yake. Kwa kawaida mgeni wa B haruhusiwi kulipwa na taasisi ya Marekani, lakini sheria ya mwaka 1998 ilivipa vyuo ruhusa maalumu ya kumpa mgeni posho ya shukrani kwa shughuli za kitaaluma, kwa sharti kwamba shughuli hiyo isizidi siku 9 katika chuo kimoja, na mgeni asiwe amepokea malipo ya namna hiyo kutoka katika vyuo zaidi ya vitano ndani ya miezi sita iliyopita. Ndiyo maana mhasibu wa chuo, kabla ya kuandika hundi, humtaka mhadhiri atie sahihi karatasi ya kukiri kwamba hajavuka mipaka hiyo miwili. Na semina ya wiki mbili, hata ikiwa na manufaa kiasi gani, huhitaji kuombewa viza nyingine.

MGENI WA MABADILISHANO

Mlango mpana zaidi kwa wanachuoni ni J-1. Hapa chuo huwa kimekwisha kukubaliwa na Wizara ya Mambo ya Nje kuwa mdhamini, na kina afisa mwajibikaji, ambaye lazima awe raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, mwenye mamlaka ya kutoa hati iitwayo DS-2019. Profesa na mtafiti waweza kukaa hadi miaka mitano, mtaalamu mwaka mmoja, na mwanachuoni wa muda mfupi miezi sita isiyoongezeka. Profesa na mtafiti hawaruhusiwi kushika nafasi iliyo katika njia ya kuelekea ajira ya kudumu, na wamalizapo, hata kama walitumia miezi michache tu ya ile miaka mitano, huzuiwa kurudi kwa daraja hizo mpaka ipite miezi 24. Kwa hivyo chuo kinachomleta mtafiti kwa muhula mmoja chini ya daraja la miaka mitano, badala ya lile la miezi sita, huenda kimemfungia mlango bila kukusudia.

Njia hii ndiyo wanayoipita walimu vijana wa Kiswahili wanaochukuliwa kwa mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, ambao hukaa mwaka mmoja wa masomo, wakifundisha na huku wao wenyewe wakisoma. Tuseme mwalimu kutoka Unguja amekwisha kuchaguliwa kabla ya zuio la Tanzania la mwaka 2026, litakaloelezwa mbele. Mdhamini humtumia DS-2019, ambayo hutaja jina lake kama lilivyo katika pasipoti, mji aliozaliwa, daraja lake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jumla ya fedha za kumtunza pamoja na zinakotoka, kila chanzo kwa kiasi chake. Akiwa na hati hiyo hujaza fomu ya viza kwa elektroniki, hupanga siku ya mahojiano na kwenda ubalozini Dar es Salaam. Mgeni wa J-1 asiyegharimiwa na serikali ya Marekani hulipa kwanza ada ya SEVIS ya dola 220, mbali na ada ya viza yenyewe. Baada ya kufika, mwalimu wetu akitaka kwenda Kanada kwa likizo, humpasa kwanza kupata sahihi ya afisa mwajibikaji katika kona ya chini ya DS-2019, upande wa kulia, kwani pasipo sahihi hiyo aweza kupata taabu mlangoni akirudi, hata kama viza yake bado ina uhai.

Chuo pia hakina budi kuhakikisha kwamba mgeni anajua Kiingereza cha kutosha kwa kazi yake, na kwamba yeye na familia aliyofuatana nayo wana bima isiyopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa na dola 25,000 za kurudisha maiti kwao. Mke au mume, ambaye hupewa J-2, aweza kuomba kibali cha kufanya kazi, fadhila ambayo wenzi wengi wa waajiriwa wa H-1B hawaipati.

SHARTI LA MIAKA MIWILI

Katika masharti yote ya J-1, lililo zito kuliko mengine ni la kurejea nyumbani. Liliwekwa mwaka 1956, kwa hoja kwamba mabadilishano yasiyomrudisha msomi kwao hayawi mabadilishano bali huwa ni kuzihamisha akili za nchi maskini. Mwanzoni liliwagusa wageni wote wa namna hiyo. Mwaka 1970 likapunguzwa, na leo huwashika hasa makundi matatu: waliogharimiwa na serikali ya Marekani au ya kwao, madaktari waliokuja kwa mafunzo ya hospitali, na wenye ujuzi ulioandikwa kuwa ni haba katika nchi zao. Orodha ya ujuzi huo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1972, na ya mwisho kutangazwa ilianza kutumika Desemba 2024, ikiwa imeziondoa nchi kubwa kama China na India.

Aliyeshikwa na sharti hili hawezi kupewa ukaazi wa kudumu wala viza ya H au L mpaka awe amekaa nchini mwake jumla ya miaka miwili. Lakini hazuiwi kurudi kwa ziara, kwa masomo, au kwa viza ya O. Anayetaka msamaha sharti aonyeshe sababu, kama vile barua ya serikali yake isemayo kwamba haina pingamizi, khofu ya kuteswa akirudi, au dhiki kubwa itakayompata mwenzi au mtoto aliye raia wa Marekani. Huonekana mara nyingi kwamba idara imempenda mtafiti na kutaka kumpa kazi, kisha ikagundua kwamba udhamini wa miaka miwili iliyopita ndio unaozuia ajira ya leo.

MWAJIRIWA

Chuo kinachotaka kumwajiri mgeni kwa kazi inayohitaji shahada maalumu hutumia zaidi H-1B, ambayo hutolewa kwa miaka mitatu na huweza kufikia sita. Makampuni hugombea nafasi 65,000 za kila mwaka, pamoja na 20,000 za wenye shahada za juu za Marekani, kwa njia ya kura. Vyuo vikuu havimo katika kura hiyo na huweza kuomba siku yoyote ya mwaka.

Hatua ya kwanza ni tamko kwa Wizara ya Kazi, ambamo chuo huapa kwamba kitamlipa mgeni ujira usiopungua ule wanaolipwa wenzake wa kazi hiyo, wala ule unaolipwa kwa kawaida katika eneo hilo. Wizara hujibu kwa kawaida ndani ya siku saba za kazi, lakini kabla ya hapo tangazo hubandikwa mahali pawili panapoonekana kwa muda wa siku 10. Mpita njia katika ukumbi wa idara husoma humo cheo cha kazi, mshahara, muda na mahali pa kazi. Asichokiona ni jina la mgeni. Jalada la tamko hilo, pamoja na maelezo ya jinsi mshahara ulivyokadiriwa, huwekwa tayari ndani ya siku moja ya kazi kwa mtu yeyote atakayekuja kuliomba, awe mwenzake, mwandishi wa habari au mshindani. Ndipo ombi lenyewe hupelekwa Idara ya Uraia na Uhamiaji. Iwapo chuo kitamwachisha mgeni kazi kabla ya muda wake, hulazimika kulipa gharama ya haki ya safari yake ya kurudi kwao.

Tofauti na mgeni wa J-1, mwajiriwa wa H-1B haulizwi kama ana nia ya kurejea, na aweza kuomba ukaazi wa kudumu hali yumo kazini. Kwa mwalimu wa chuo sheria imelegezwa: badala ya kuthibitisha kwamba hakuna Mmarekani yeyote afaaye, chuo huthibitisha kwamba katika ushindani wa wazi aliyechaguliwa alikuwa bora kuliko wote, kikawasilisha ombi ndani ya miezi 18 tangu uteuzi. Profesa au mtafiti mwenye sifa ya kimataifa na uzoefu wa miaka mitatu huweza kuruka hatua hiyo. Wakanada na Wameksiko wana viza yao ya TN, na Waaustralia E-3.

WAJIBU BAADA YA KUFIKA

Mgeni akifika, dhamana ndipo inapoanza kutenda kazi. Chuo humthibitisha katika SEVIS ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuanza kwa mpango wake; asiporipoti huandikwa kuwa hakutokea. Akihama nyumba ana siku 10 za kuarifu. Kila mwajiriwa, hata raia, hukaguliwa hati zake kwa fomu I-9 ndani ya siku tatu za kazi tangu kuanza, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986, na mwajiri haruhusiwi kuchagua yeye ni hati zipi kati ya zilizokubaliwa. Aidha, tangu mwaka 2011 chuo kinachoomba H-1B hutangaza kama mgeni atahitaji leseni ya serikali ili aguse ufundi wenye siri, kwa kuwa kumfundisha mgeni ufundi huo ndani ya maabara ya Marekani huhesabiwa kama kuusafirisha kwenda kwao.

MABADILIKO YA KARIBUNI

Mwaka 2025 ulitikisa mfumo huu wote. Tangazo la Rais Donald Trump la Juni lilisimamisha viza za ziara, za masomo na za mabadilishano kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa miongoni mwao, na tangazo la Desemba likaiongeza Tanzania kuanzia Januari 1, 2026. Tangazo la Septemba lilidai malipo ya dola 100,000 kwa kila ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya nchi, na vyuo, ambavyo kwa robo karne vilikuwa vimeepushwa na kura, havikuepushwa na malipo hayo.

Mei 22 ya mwaka huohuo Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kukiondolea Chuo Kikuu cha Harvard kibali cha kuandikisha wageni. Siku ya pili yake Jaji Allison Burroughs wa mahakama ya Boston akaizuia amri hiyo kwa muda. Shauri hilo lilionyesha wazi jambo ambalo taratibu za kila siku hulificha, kwamba dhamana ina pande mbili: chuo hupewa uwezo wa kumleta mgeni, na papo hapo mgeni huwa amefungamanishwa na mustakabali wa chuo, hata aweze kupoteza hadhi yake kwa ugomvi asiohusika nao.

Mfumo huu una matokeo yafuatayo kwa mwanachuoni anayealikwa. Mambo mengi yatakayomhusu kwa miaka kadhaa, kama mwenzi wake atafanya kazi, kama atalazimika kurejea kwao kwa miaka miwili, kama aweza kuhamia chuo kingine au kupewa kazi ya kudumu, huamuliwa na herufi ambayo chuo kimemwombea, wakati yeye bado yuko kwao na hajapanga mahojiano ubalozini. Kubadili herufi baadaye ni kugumu, na kwa aliyeshikwa na sharti la kurejea mara nyingi hakuwezekani. Kwa hiyo mahali pa kuuliza ni katika ofisi ya wageni ya chuo, na wakati wa kuuliza ni kabla hati haijatolewa.